Inazima Ikipanda au Ikishuka?

Mara ya kwanza nilidhani luku imekwisha. Ilikuwa saa nne na ushei usiku, Februari 2021, kaskazi imetukaba Temeke nzima, nami nilikuwa barabarani na shehena ya tani 20, natoka Rotterdam naelekea Berlin. Barabara yenyewe ilikuwa ndani ya kompyuta. Mchezo unaitwa Euro Truck Simulator 2, umetoka 2012, waliotengeneza ni kampuni ya SCS Software ya Jamhuri ya Cheki, na kazi yake yote ni kuendesha lori: unapakia, unasafiri, unashusha, unalala, unaamka unapakia tena. Mke wangu hajawahi kuelewa kwa nini mtu mzima ashinde anapiga mahesabu ya watu mchana kutwa, halafu usiku akae kuendesha lori lisilomlipa. Jibu ninalo, ila ni refu. Baba yangu alikula na kutusomesha kwa lori, Dar es Salaam hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, na mimi leseni yenyewe sina.

Basi nikiwa nalipita lori jingine, kioo kikawa cheusi. Hakuna rangi ya bluu, hakuna maandishi, hakuna onyo. Feni za kompyuta zikanyamaza, chumba kikawa kimya hata nikasikia mbu.

"Luku?" mke wangu akauliza kutoka ndani.

Nikatazama juu. Taa inawaka, pangaboi linazunguka.

"Hapana. Lori limezima."

Hakuuliza zaidi, nami sikumlaumu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mtumba, moja ya zile za ofisini zinazoletwa na makontena: prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nne, boksi jeusi, kibandiko cha mali ya ofisi ya huko ilikotoka kimebanduliwa nusu. Kwa mahesabu yangu ilitosha na kubaki. Kosa, kama ni kosa, nililifanya nilipoiongezea kadi ya grafiki, GTX 960 iliyotumika, ili lori langu lionekane kama lori. Kadi ile ilikuwa inahitaji waya wa umeme wa pini sita, na pawa saplai ya mle ndani haikuwa nao. Fundi akanipa waya wa kuungia, upande mmoja pini sita, upande wa pili unachomekwa kwenye nyaya mbili zilizokuwa zimebaki. Ikawaka. Nikafurahi. Sikumuuliza swali hata moja.

Tangu usiku ule ikawa inazima mara mbili, tatu kwa wiki, na daima nikiwa kwenye mchezo. Mchana naandika, nafungua majedwali ya Excel yenye maelfu ya mistari, napiga simu za video, haina neno. Jioni nikiwasha lori, dakika kumi au saa nzima, kimya. Nikampelekea fundi mmoja mjini. Akaisikiliza kama daktari, akasema ni Windows, akaifuta yote akaweka mpya, elfu 30. Siku tatu ikatulia. Siku tatu zile zilikuwa mwisho wa mwezi, nina kazi za watu, sikucheza. Ya nne ikazima nikiwa sijafika hata Osnabrück. Jirani akasema ni umeme mdogo, akaniazima stabilaiza yake ya friji. Ikazima hivyo hivyo, safari hii ikiwa na stabilaiza.

Nikaanza kujisomea. Windows ina daftari lake la ndani linaloandika kila tukio, na kila mara kompyuta yangu ilipozima, nilikuta humo alama nyekundu: Kernel-Power, tukio namba 41. Niliifurahia hiyo namba 41 kama mtu aliyekamata mwizi. Kumbe tafsiri yake ni kwamba kompyuta imewaka tena bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Basi. Ni kama karani anayejaza kwenye cheti cha kifo, sehemu ya sababu, kwamba marehemu amefariki.

Kilichonisaidia ni daftari la pili, la karatasi, lile la kurasa 96 la mwanafunzi. Nililianzisha kwa hasira tu, nipate ushahidi wa kumpelekea fundi anirudishie elfu 30 yangu. Nikachora safu: tarehe, saa, nilikuwa nafanya nini, baada ya dakika ngapi, na nilipobonyeza kuwasha ilikuwaje. Safu hii ya mwisho niliiweka kwa bahati, kwa sababu kuna siku ilikuwa inawaka, inafika kwenye nembo ya Windows, inazima tena, nami nilitaka fundi ajue ninavyoteseka.

Machi baba akaja Dar kwa ajili ya kliniki ya macho. Usiku akanikuta nimeinamia boksi na tochi.

"Shikamoo baba. Hujalala?"

"Marahaba. Joto hili nani analala? Hicho kina nini?"

Nikamweleza, kwa ufupi, kama tunavyowaeleza wazee mambo ambayo tumeshaamua hawatayaelewa. Akanyamaza kidogo, akauliza:

"Linazima likipanda au likishuka?"

"Baba, hii ni kompyuta."

"Nimeiona. Linazima likipanda au likishuka?"

Nikampa daftari. Alivaa miwani, akalisogeza mbali, akalisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Mle mlikuwa na mara 14. Akaomba kalamu. Mara tisa akazichora duara, tano akaziacha.

"Hizi tisa, ukiwasha linagoma. Hizi tano, ukiwasha linakubali palepale. Mwanangu, hapa una magonjwa mawili, na wewe unatafuta dawa moja."

Kisha akanipa somo ambalo fundi hakunipa kwa elfu 30. Gari likichemsha, alisema, ukilizima ukaliwasha hapohapo, bado limechemka. Litazima tena au litakataa, mpaka lipumzike. Hizo ni zile tisa. Lakini kuna gari la kukosa mafuta. Chujio limeziba au pampu imechoka. Kwenye tambarare ya Chalinze linatembea vizuri tu, hata utingo hajui. Ukilifikisha Kitonga, mlima unataka mafuta mengi kwa mpigo, pampu haifikishi, linakata. Ukigusa swichi linawaka kana kwamba halijafanya kitu, kwa sababu hapo halina mzigo. Ukilirudisha gereji kwenye sakafu ya saruji, fundi analiwasha, linanguruma, anakwambia gari lako zima.

"Dereva mjinga anabadilisha vyote viwili siku moja," akasema akiamka. "Likipona hajui limeponywa na nini. Likirudia, anaanza upya."

Nikaanza na la kuchemsha, kwa kuwa hilo kulipima ni rahisi. Kuna programu za bure, HWiNFO ni mojawapo, zinazosoma vipimajoto vilivyomo ndani ya kompyuta. Prosesa za aina yangu, joto likikaribia nyuzi 100 hujipunguza kasi zenyewe. Likizidi hapo zinakata, ili zisiungue. Yangu, ikiwa haina kazi, ilikuwa nyuzi 61. Kwenye lori ilikuwa inagota 99 na 100 na kukaa hapo hapo. Nilifungua boksi nikakuta kile ninachoamini wengi wenu mnacho: vumbi limejikunja kama pamba ya godoro kati ya feni na mapezi ya alumini. Nililitoa kwa brashi ya rangi na blowa, nikiwa nimeishika feni kwa kidole isizunguke. Joto likashuka nyuzi nne tu. Nikashangaa.

Hapo ndipo nilipoona mguu. Ile feni ya prosesa inashikiliwa na miguu minne ya plastiki, unaisukuma ndani ya mazabodi mpaka ilie "tiki". Mitatu ilikuwa imekaa. Wa nne ulikuwa umeingia nusu, na feni nzima imeinuka upande huo kwa unene wa kadi ya kura. Nilipoinyanyua, pesti ya chini yake, ile inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye chuma, ilikuwa imekauka ikapasuka kama matope ya mto wakati wa kiangazi. Sijui nani aliuacha mguu ule na mwaka gani. Nikafuta kwa spiriti, nikaweka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele, nikasukuma miguu kwa mkato, wa kushoto juu kwanza, kisha wa kulia chini. Tiki nne. Usiku ule nikaendesha saa mbili na nusu, prosesa haikuvuka nyuzi 70.

Sikugusa kingine chochote, kama nilivyoagizwa. Baba alikuwa amerudi Mlandizi. Wiki mbili kimya, daftari halina mstari. Ya tatu ikazima. Nikabonyeza: ikawaka palepale.

Lakini jambo moja lilikuwa linagombana na maelezo ya mzee. Ugonjwa huu wa pili ulinikuta mara kadhaa lori likiwa limeegeshwa, niko kwenye ukurasa wa kuchagua mizigo, hakuna mlima wala tambarare. Nilimpigia. Akacheka, akasema basi hilo lori lako linapiga resi likiwa limesimama. Alikuwa anatania, na alikuwa sahihi kabisa. Niliwasha kihesabio cha picha: kwenye ukurasa ule kadi ilikuwa inachora picha 240 kwa sekunde. Kioo changu kinaonyesha 60 tu. Zile 180 zilikuwa zinachorwa na kutupwa. Ukiiacha kadi ya grafiki bila kikomo, inachora kadiri inavyoweza, na ukurasa mwepesi unaipa nafasi ya kukimbia zaidi. Nikaiwekea kikomo cha picha 30. Siku kumi haikuzima. Nikaondoa kikomo, usiku wa kwanza ikazima. Nikakirudisha, ikatulia. Sasa nilikuwa na swichi ya ugonjwa mkononi.

Kuna programu zilizotengenezwa kuibebesha kompyuta mzigo makusudi. Prime95 inaichosha prosesa kwa kutafuta namba tasa. FurMark inaichosha kadi kwa kuchora pete yenye manyoya inayozunguka, kitu kisicho na maana yoyote duniani. Prosesa peke yake: dakika 30, salama. Kadi peke yake: salama, ingawa feni zilikuwa zinalia. Zote mbili pamoja: sikufika dakika moja. Nikaazima mita kwa fundi redio wa mtaani, nikapima kwenye plagi iliyobaki wazi, waya wa manjano na mweusi. Kanuni inataka volti 12, na inaruhusu kupungua mpaka 11.4. Bila mzigo nilisoma 11.9. Kwenye mzigo, sekunde chache kabla ya giza, 11.2.

Hesabu ningeweza kuifanya tangu siku ya kwanza, na mimi kazi yangu ni hesabu. Prosesa wati 84. Kadi wati 120. Diski, mazabodi, feni na vikorokoro vingine, tuseme 40. Jumla 244, na kadi za grafiki zina tabia ya kuruka ghafla juu ya kiwango chake kwa kitambo kifupi sana. Pawa saplai ya ofisini iliandikwa wati 290, ikiwa mpya, na hii ilishafanya kazi kwenye ofisi ya watu miaka isiyojulikana. Kapasita zake zilikuwa zimezeeka kwa joto. Pampu imechoka, mlima umeongezwa.

Sasa naingia kwenye sehemu ambayo sipendi kuisimulia.

Nilikwenda Kariakoo, nikapanda na kushuka Mtaa wa Aggrey na vichochoro vyake. Duka moja walikuwa nayo ya wati 450, shilingi 165,000. La mbele yake kidogo, wati 600, shilingi 35,000, imepakwa rangi nyeusi inayong'aa, ina feni yenye taa nyekundu. Nilipoishika nilihisi wepesi wake. Nasema hivi kwa sababu nataka ieleweke kuwa nilihisi. Ile kuukuu ya nyumbani ilikuwa nzito kama tofali. Hii ilikuwa kama sufuria tupu. Muuzaji akasema, "Bosi, teknolojia inakua, vitu vinapungua uzito." Nikalipa. Bahati yangu, au bahati mbaya, kompyuta yangu ilikuwa na plagi ya kawaida ya pini 24. Nyingi za ofisini zina plagi za kampuni zao, usingeweza kuchomeka ya mtaani bila waya wa kugeuzia.

Ikapona. Siku 19 sikuandika mstari hata mmoja. Niliondoa kikomo cha picha, nikapandisha ubora wote, mvua, vivuli, taa za usiku. Nilifika Berlin, nikafika Vienna, nikavuka Dover. Nilimpigia baba kumwambia. Akauliza kama pampu mpya ni ya kiwandani au ya kufufuliwa. Nikamjibu ni mpya kabisa, ina nguvu mara mbili.

Siku ya 20 haikuzima. Nilisikia "paa", swichi kuu ya nyumba ikaanguka, na safari hii ilikuwa kweli giza. Harufu ikafuata, plastiki iliyoungua ikichanganyika na kitu kama samaki aliyevunda. Ndiyo harufu ya kapasita zikipasuka. Mke wangu akatoka na mtoto mkononi. Tulisimama nje kwa dakika kumi, nikimweleza kwa tochi ya simu kwamba ni kitu kidogo.

Mazabodi ilikufa. Kadi na diski vilipona, na mafaili ya wateja nilikuwa nimeyahifadhi pembeni. La sivyo makala hii ningekuwa naiandikia kwingine.

Kesho yake, nikiwa na mwanga wa kutosha na hasira ya kutosha, ndipo niliposoma kibandiko cha ile pawa saplai. Juu, kwa herufi kubwa, 600W. Chini, kwenye jedwali la maandishi madogo kama ya sheria, safu ya volti 12: amperi 16. Zidisha. Wati 192. Kadi na prosesa zote zinakula kwenye safu hiyo ya volti 12, kwa hiyo namba ya kuangalia ilikuwa hii, ile 600 ilikuwa ya kupamba boksi. Nikachukua ile kuukuu ya 290, niliyoitupa chini ya meza, nikaifuta vumbi. Volti 12: amperi 23. Wati 276. Nilikuwa nimetoa yenye nguvu nikaweka dhaifu, nikalipia.

Na kwa nini dhaifu haikuzima? Hili ndilo lililonikalisha kitako. Ile kuukuu ilikuwa na kinga. Ikizidiwa, inakata, ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kabla haijaungua na kabla haijaunguza jirani zake. Kila usiku niliokuwa nalipiga kofi boksi na kulitukana, kuna kitu mle ndani kilikuwa kinanilindia mazabodi. Mpya haikuwa na wa kusema hapana. Siku 19 nilizozihesabu za afya zilikuwa siku za kuungua polepole. Na mguu wa feni ulioinuka, vilevile: prosesa iliyovuka nyuzi 100 ikakata ilikuwa inafanya kazi yake kama ilivyofundishwa, na mimi nikaenda kumlipa mtu afute Windows.

Baba nilimweleza mwezi mmoja baadaye, uso kwa uso, kwa kuwa kwenye simu niliona aibu. Hakunicheka. Alinisimulia kuhusu dereva mwenzake, zamani, aliyechoshwa na taa nyekundu ya joto kwenye dashibodi akachomoa waya wake. Hakumalizia, nami sikumwuliza lori liliishia wapi.

Ile ya 165,000 nilirudi kuinunua. Kibandiko chake kinasema amperi 36 kwenye volti 12, yaani wati 432 kati ya 450, na ina alama ya 80 Plus Bronze. Alama hiyo haipimi ukubwa, inapima ni sehemu gani ya umeme wa ukutani inafika ndani badala ya kuishia kuwa joto. Ila mtengenezaji anayehangaika kupimwa huwa hadanganyi na amperi. Mazabodi nyingine ya mtumba, 110,000. Ukijumlisha na ile 35,000 iliyoungua, nilitumia 310,000 kwenye kitu ambacho siku ya kwanza kilitaka 165,000 na punje ya pesti. Waya wa kuungia niliutoa. Plagi yake moja, iliyokuwa nyeupe, ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mwezi mwingine mmoja na hata ile kinga isingetusaidia.

Kama yako inazima, usianze kwa kununua. Chukua daftari, andika mara kumi, na usisahau kuandika kama iliwaka palepale au iligoma. Badilisha kitu kimoja, subiri. Pawa saplai usiifungue hata kama umechomoa waya: kapasita kubwa za mle ndani zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 kwa muda, nazo hazibagui fundi na mteja. Ukifika dukani, geuza boksi usome safu ya volti 12 kabla hujauliza bei.

Ile kuukuu ya wati 290 nilimpa kijana wa steshenari pale kona. Inaendesha kompyuta yake isiyo na kadi ya grafiki, anachapia barua za maombi ya kazi na mialiko ya harusi kuanzia asubuhi hadi saa tatu usiku. Nilipita juzi nikamuuliza. Haijazima hata mara moja.